Mhadhara wa Upinde

Mnayemwona mbele yenu ni Bingwa wa Pinde. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe baada ya kuona wanaopaswa kunitunuku wanachelewa.

Tuanze na maumbile. Upinde una tumbo, upande unaomwelekea mpigaji, na mgongo, unaomwelekea mnyama. Ukivuta upote, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Kwa hiyo nyuzi za mgongoni hazikatwi kamwe: unabandua gome, unafuata pete moja ya mti kutoka ncha hadi ncha. Upinde wangu wa mwisho ulipasuka mgongoni. Nilipoukagua nikakuta alama za tezo zimevuka pete mahali patatu, ushahidi tosha kwamba mti ule ulikuwa na tabia mbaya tangu porini.

Sasa hesabu, mshike kalamu. Upana ukipunguzwa nusu, ugumu hupungua nusu; unene ukipunguzwa nusu, ugumu hubaki sehemu moja ya nane! Ndiyo maana tezo na randa zikishamaliza ubabe wao, mstaarabu huchukua kisu au kigae cha chupa, akaparuza taratibu. Anavuta kidogo, anatazama pasipopinda, anaparuza hapo tu. Mkono laini wa upinde hauguswi. Mimi, kwa kuchukia upendeleo, huparuza yote miwili. Upinde ukigoma, naupandisha daraja kuwa mkongojo. Wazee wa ukoo wetu wote wanayo, hata wasioihitaji.

Waingereza nao wamo. Meli yao Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoibuliwa mwaka 1982 zilikwishapatikana humo pinde zaidi ya 130 za mti uitwao yew: mgongoni mbao nyeupe inayovumilia kuvutwa, tumboni kiini kinachovumilia kubanwa. Zaidi ya miaka 400 majini bila mimi kuzikagua! Hasara hiyo kwa sayansi nani ataifidia?

Kuna walionishauri niende kwa Wahadzabe, Bonde la Yaeda, nikajifunze. Nijifunze nini? Mzee wa kule huketi kivulini, akachonga ufito kwa shoka na kisu, akafunga upote wa kano za mnyama, akaondoka, jioni akala nyama. Hana jiliwa, hana randa, hana hata mchoro. Hata hivyo nilikwenda, nikamwuliza mmoja wao msingi wa nadharia yake. Akaupokea upinde wangu, akauvuta kidogo tu, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akanipa asali na pole.

Sasa nitaonesha kwa vitendo. Safu ya mbele msogee kushoto. Na kulia. Maswali yaletwe kwa maandishi, isipokuwa ya yule seremala wa nyuma, ambaye nimekwishamwambia kwamba randa yake nitamrudishia.