Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Kandanda la Burundi: Buterere Yaomba Kazi Rasmi ya Kusafisha Vipigo

Kwa: Waheshimiwa Viongozi wa Shirikisho la Kandanda la Burundi (FFB), Bujumbura

Yah: Maombi ya mabaraza ya Buterere kutambuliwa kuwa chombo cha kudumu cha kushughulikia vipigo

Waheshimiwa,

Zoni ya Buterere, iliyoko kaskazini mwa jiji la Bujumbura katika komini ya Ntahangwa, imejaliwa neema tatu ambazo mitaa mingine haikujaliwa kwa pamoja: jalala la jiji, kituo cha kusafishia maji machafu, na ujirani wa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Melchior Ndadaye. Kile ambacho jiji limekitumia na kukichoka huteremkia Buterere, na wale wenye pa kwenda hupita juu ya mabati yake. Kwa kuzingatia uzoefu huo wa miaka mingi, wapenzi wa kandanda wa zoni hiyo wanaliomba Shirikisho liwakabidhi rasmi kazi ambayo wamekuwa wakiifanya bila mkataba wala posho, yaani kupokea vipigo vya timu za Burundi, kuvichambua, kuvichuja, na kuvirudisha kwa umma vikiwa vimepungua harufu.

Ili kuepusha utata, kipigo katika maombi haya ni matokeo ya mchezo ambao timu imefungwa mabao mengi kuliko iliyofunga, na baraza ni mkutano usio na mwenyekiti wala ajenda, unaofanyika mbele ya duka, kwenye benchi la kinyozi au nje ya kibanda cha kuonyeshea mpira, ambamo kila mjumbe ana haki ya kusema na huitumia haki hiyo wakati uleule ambao wenzake wanaitumia ya kwao. Mjadala huanza kwa Kirundi chenye staha, hupanda moto kwa Kiswahili, na hufikia Kifaransa pale tu mjumbe anapotaka kuonyesha kuwa kanuni za mchezo anazo kichwani. Kikao hakifungwi, kwa kuwa kipigo kinachofuata huwa kimeshawasili kabla ya kile cha awali kutolewa uamuzi.

Wajumbe wa mabaraza hayo wamegawanyika katika madhehebu kadhaa ambayo Shirikisho litanufaika kwa kuyafahamu. La kwanza ni la Wanakocha, wanaoamini kuwa kila kipigo huzaliwa kwenye benchi la ufundi na kwamba dawa yake ni kumfukuza kocha, ambao humteua mrithi wake usiku uleule, na ambao wangemfukuza mrithi huyo pia iwapo angepata bahati mbaya ya kuikubali kazi. La pili ni la Wanakipa, ambao hoja yao ni ya kipelelezi: kipa ndiye mtu wa mwisho aliyeonekana karibu na tukio. La tatu ni la Wanarefa, waliobobea katika sheria ya kuotea, ile inayomzuia mshambuliaji kucheza pasi aliyopigiwa akiwa karibu zaidi na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira wenyewe na mlinzi wa pili kutoka mwisho, na ambao kwa utafiti wa muda mrefu wamegundua kuwa sheria hiyo huvunjwa na upande mmoja tu, nao si wa Burundi.

Dhehebu la nne ni la Wanahistoria, ambao hawauzungumzii mchezo uliochezwa hata kidogo, bali hurejea 1992, mwaka ambao klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, shindano lililozikutanisha klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao. Katika fainali hiyo Vital'O ilitoka sare ya 1-1 nyumbani dhidi ya Africa Sports ya Kodivaa, kisha ikafungwa 4-0 mjini Abidjan. Wanahistoria huusimulia mchezo wa kwanza kwa kirefu na kwa ufasaha, na kwa sababu ambazo hazijachunguzwa, mvua huanza kunyesha kabla hawajaufikia wa pili.

Dhehebu la tano, ambalo mchango wake kwa taaluma ni mkubwa kuliko wa mengine yote, ni la Wahasibu. Kazi yao bora kabisa ilitokana na fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2019 nchini Misri, za kwanza na hadi sasa za pekee ambazo Burundi imefuzu, baada ya sare ya 1-1 na Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang iliyopatikana Bujumbura tarehe 23 Machi 2019. Huko Misri timu ya taifa, inayoitwa Intamba mu Rugamba, yaani Mbayuwayu Vitani, ikiwa chini ya kocha Olivier Niyungeko na nahodha Saido Berahino, ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska na 2-0 na Guinea, ikarudi nyumbani bila pointi na bila bao. Mtu asiye na elimu angeona hapo vipigo vitatu. Wahasibu walibainisha kwamba Madagaska hiyohiyo iliifunga Nigeria 2-0, hali Burundi ilifungwa nayo 1-0 tu, jambo linalothibitisha kuwa Burundi ni bora kuliko Nigeria kwa bao moja. Na kwa kuwa Nigeria ilimaliza mashindano ikiwa ya tatu, Burundi, iliyoshika mkia wa kundi, ilistahili walau kucheza fainali.

Ustadi huo ulipimwa upya Agosti 2024, Vital'O ilipokutana na Young Africans ya Dar es Salaam, maarufu kama Yanga, katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Vital'O ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mchezo wa kwanza, na kwa adabu isiyo ya kawaida mwenyeji huyo alimfuata mgeni wake hadi mjini kwake: mchezo ulipigwa Chamazi, Dar es Salaam, katika uwanja wa Azam Complex, na mwenyeji akafungwa 4-0. Wiki moja baadaye Vital'O ikawa mgeni, uwanja ukiwa uleule, ikafungwa 6-0, na jumla, yaani hesabu ya mabao ya michezo yote miwili ambayo huamua nani asonge mbele, ikawa 10-0. Wahasibu walinyamaza kwa majuma kadhaa, jambo lililozua hofu kuhusu afya zao, mpaka Yanga ilipoifunga CBE ya Ethiopia 6-0 katika mchezo wa marudiano wa raundi iliyofuata. Hapo wakatangaza kuwa sita ndiyo idadi ambayo Yanga humgawia kila anayepita, na kwamba kilichotokea Chamazi hakikuwa kipigo bali utaratibu.

Utamaduni huo wa kuwa mwenyeji ugenini unahitaji maelezo kwa faida ya vizazi vijavyo. Uwanja wa nyumbani, kwa mazoea ya zamani, ulikuwa uwanja ulio nyumbani, ambako mashabiki wengi ni wa timu mwenyeji na mgeni ndiye aliyechoshwa na safari. Siku hizi Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, huidhinisha viwanja, maana yake hutuma wakaguzi wanaotazama taa, viti, vyumba vya kubadilishia nguo, huduma ya kwanza na nafasi ya waandishi wa habari, na kiwanja kisichotimiza masharti hakipewi michezo ya kimataifa. Uwanja wa Intwari wa Bujumbura, ulioitwa Prince Louis Rwagasore hadi 2019, ulikuwa nje ya orodha ya viwanja vilivyoidhinishwa, na ndiyo sababu hata ushindi wa 3-2 dhidi ya Gambia wa Novemba 2023, katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia, ulikuwa ushindi wa nyumbani uliopatikana Dar es Salaam. Burundi haiko peke yake katika maendeleo haya: Juni 2024 Kenya, ambayo nayo haikuwa na uwanja wa kuchezea, iliikaribisha Burundi mjini Lilongwe, Malawi, wakatoka 1-1, hivyo Waafrika Mashariki wawili walisafiri hadi kusini mwa Afrika ili mmoja wao apate heshima ya kumkaribisha mwenzake.

Buterere inaunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Shabiki hanunui tiketi, hatafuti usafiri katika jiji lililokumbwa na uhaba wa mafuta, ambalo Machi 2022 lilizuia pikipiki, tuktuk na baiskeli kuingia katikati yake, na wachezaji nao wanaepushwa na kero ya kusikia lugha yao ikitoka jukwaani. Ikitokea Shirikisho likachoka kusafiri, zoni inapendekeza njia ya kurukia ndege iliyo jirani yake, ambayo ni ndefu, ni tambarare, ina taa na imezungushiwa uzio, na ambayo wakaguzi wa kimataifa wameshaizoea. Mchezo ungesimama kwa dakika chache kila ndege inapotua, na walinzi wa Burundi wangepata hapo fursa ya kujipanga ambayo hawajawahi kuipata kwingine.

Sera nyingine inayostahili sifa ni ile ya kufungia mabao nje ya nchi. Amissi Tambwe, aliyetwaa na Vital'O Kombe la Kagame la 2013, shindano la klabu za Afrika Mashariki na Kati, alivuka mpaka na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara mara mbili, kwa mabao 19 akiwa Simba msimu wa 2013/14 na mabao 21 akiwa Yanga msimu wa 2015/16. Saido Ntibazonkiza, mhitimu mwingine wa Vital'O, alifunga 17 katika msimu wa 2022/23 akiwa Geita Gold na Simba, akalingana kileleni na mshambuliaji Fiston Mayele. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura, alipitia Vital'O na Yanga kabla ya kufika Monaco na kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2004, na timu ya taifa aliyoichagua ilikuwa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hii, basi, haina upungufu wa mabao. Ina upungufu wa mabao yanayoandikwa kwa jina lake.

Uaminifu wa kitaaluma, hata hivyo, unalazimu kutaja udhaifu wa huduma inayopendekezwa. Kituo cha maji machafu cha Buterere husafisha kinachokifikia, lakini hakina amri juu ya kinachomwagwa huko juu, na mabaraza nayo yana mpaka huohuo. Yanajadili dakika 90 kwa kuwa dakika 90 ndizo zinazoonyeshwa. Runinga humwonyesha kipa akiokota mpira wavuni na kuurudia mkosi wake kutoka kila pembe, ila hakuna kamera inayomwonyesha mkaguzi akiandika kasoro za uwanja, wala kiwanja cha vumbi ambako mtoto wa miaka 14 anafundishwa na yeyote aliyejitokeza siku hiyo, wala meza ambapo mkataba wa mshambuliaji anayeondoka unatiwa saini. Lawama humwangukia mwenye glovu, si kwa kuwa ana hatia kuliko wengine, bali kwa kuwa ndiye anayeonekana. Madhehebu yote matano, pamoja na uhasama wao, yanahukumu kesi ambayo jalada lake halijawahi kuwekwa mbele yao, na ukali wa hukumu zao unalingana barabara na uchache wa wanachokijua.

Kutokana na hayo, Shirikisho linaombwa kuchagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuyatambua mabaraza, kuyapa mhuri, na kuyawekea ratiba ambayo kocha atalaumiwa Jumatatu na Jumanne, kipa Jumatano, refa Alhamisi, na Ijumaa lawama zitasimama hadi swala imalizike, Jumamosi na Jumapili zikiachwa wazi kwa ajili ya kipigo kipya. Ya pili ni ya gharama ndogo zaidi: baada ya kila kipigo, Shirikisho litoe karatasi moja, kwa Kirundi na Kiswahili, yenye majibu ya maswali matatu. Ni masharti yapi ya CAF yaliyowanyima watu wa Bujumbura michezo yao, yapi yametimizwa, yapi yamebaki, na nani amepewa tarehe ya kuyamaliza? Timu za vijana walio chini ya miaka 17 na 20 zimecheza michezo mingapi ya ushindani mwaka huo? Na ile fidia ya mafunzo, ambayo kanuni za FIFA huzitaka klabu zinazomsajili kijana kuzilipa klabu zilizomlea, pamoja na mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawanywa kwa klabu alizozichezea mchezaji tangu akiwa na miaka 12 hadi 23, zimefika kwa klabu zipi za Burundi, na zimenunua nini?

Hatari ya karatasi hiyo haifichiki. Kocha angeweza kumaliza mwaka kazini, kipa angeweza kupita sokoni mchana, Wahasibu wangelazimika kujumlisha namba za kweli, na wajumbe, wakishajua nani alitakiwa kufanya nini na lini, wangeacha kutukanana wao kwa wao na kuanza kupeleka maswali kwenye anwani inayofahamika. Ni kwa sababu hiyo Buterere, isiyopenda kuisumbua ofisi yoyote, inatanguliza njia ya kwanza na kuitaja ya pili kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu tu.

Majibu yanasubiriwa kabla ya mchezo ujao.

Wenye heshima,
Mabaraza ya Wapenzi wa Kandanda, Zoni ya Buterere

Nakala:
Shirikisho la Kandanda la Afrika (CAF), Misri, kwa taarifa.
Young Africans, Dar es Salaam, pamoja na shukrani kwa kumpokea mwenyeji wao vizuri.
Kocha ajaye, popote alipo sasa, ili asije akasema hakuonywa.