Samaki Anayeletwa na Lori

Jumapili moja, hapa Kisangani, tulikuwa tumeketi chini ya mwembe tukisubiri pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, iive. Simu yangu ikalia, na kwenye kioo akatokea mdogo wangu aliyehamia Edmonton, Kanada. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, peke yake, katikati ya uwanja mweupe usio na mti wala mtu. Alikuwa amevaa makoti mawili, na nyusi zake zilikuwa kama zimemwagiwa chumvi. Mbele ya miguu yake palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani, naye ameliinamia kama mtu aliyedondosha funguo chooni.

Mama alininyang'anya simu. "Mwanangu, wamekufanya nini?"

"Ninavua samaki, Mama."

"Mto uko wapi?"

"Ni ziwa. Nimelikalia."

Ikabidi aeleze. Maji ya juu yameganda, na shimo limetobolewa kwa keekee ndefu kama jembe la kuchimbia choo. Akasema barafu yenye unene wa sentimita 10 inatosha mtu kutembea juu yake. "Na ikiwa 9?" Mama aliuliza, na kuanzia hapo hakusikia tena neno lolote, nilimwona anahesabu watoto wake kwa vidole.

Simu ikahamia kwa kaka yake Mama, ambaye sisi sote humwita Noko. Noko ni Mgenya wa kuzaliwa kando ya maporomoko, na mambo ya samaki hayazungumzwi nyumbani kwetu bila yeye kutoa hukumu. Aliuliza jambo la maana: samaki walioko chini ya barafu hawagandi? Mdogo wangu akafafanua kwamba maji yakipoa hadi digrii 4 yanakuwa mazito kuliko yakiwa kwenye joto lingine lolote, yanazama chini. Yakipoa zaidi yanakuwa mepesi, yanapanda, yanaganda juu. Barafu inaelea, na samaki wanabaki chini yake kama wamefunikwa blanketi. Noko alilikubali hilo mara moja. Alisema kwamba maji ya juu na maji ya chini hayajawahi kuwa marafiki, hata hapa kwetu.

Kilichomshinda ni jambo la pili.

"Samaki mwenyewe anaitwa trauti," alisema mdogo wangu. "Serikali ya Alberta inamfuga mahali, akikua kidogo lori linakuja kummwaga kwenye maziwa madogo madogo kama hili."

Noko alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Serikali inaleta samaki kwa lori."

"Ndiyo, Noko."

"Inamwaga majini."

"Ndiyo."

"Halafu wewe unatoboa barafu ili umtoe."

"Ndiyo, Noko."

"Kwa nini usisimame pale lori linapopita?"

Mdogo wangu alicheka hadi koti likatikisika. Noko hakucheka. Aliuliza amepata wangapi. Bado. Tangu saa ngapi? Tangu asubuhi.

Yafaa nimtetee Noko kwa wasiolijua jiji letu. Kati ya Ubundu na Kisangani mto Lualaba unaporomoka mara saba, umbali wa zaidi ya kilomita 100, na poromoko la mwisho liko mlangoni mwetu. Hapo Wagenya husimika miti mikubwa katika mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayonguruma, huifunga kwa kamba za msituni bila msumari hata mmoja, kisha huning'iniza vikapu vyenye umbo la tarumbeta, vingine mtu mzima anaingia na kuketi. Samaki anasukumwa na maji, anaingia, hawezi kurudi nyuma. Mvuvi anapanda kwenye miti, anavuta kikapu, chini yake mto unangoja ateleze. Kila familia ina sehemu yake iliyorithi. Mtu aliyelelewa namna hiyo akiambiwa kuna nchi ambako samaki anakuja kwa gari, ana haki ya kunyamaza.

Lakini mimi usiku ule sikulala. Niliwaza lile lori. Mimi si mvuvi. Maporomoko yananitia kizunguzungu hata nikiwa ng'ambo nimeshika nguzo. Ni mwalimu wa hesabu, mwenye mshahara unaokuja kama mvua ya kiangazi, na samaki wanaokaa mahali pamoja wakiningoja waliniingia moyoni. Nina kipande cha bonde ng'ambo ya daraja la mto Tshopo, kando ya barabara ya Buta, kinachotoa vyura tu. Ningechimba bwawa hapo, nami ningelijaza mwenyewe! Wala si jambo geni: miaka ya 1940 na 1950 Wabelgiji walihimiza watu nchi nzima wachimbe mabwawa ya tilapia. Mzee mmoja jirani yangu wa kule bondeni bado ana lake, na nadhani lingenifundisha kitu kama ningeuliza kwa nini siku hizi analima magimbi ndani yake.

Tulichimba wiki tatu, mimi na vijana wawili. Mimi nilichimba siku mbili, zilizobaki nilisimamia. Bwawa likawa mita 10 kwa 15, maji yakaingia kutoka kwenye kijito, nikamwambia mke wangu kwamba sasa naenda kununua vifaranga.

"Vifaranga tena? Wale wenye manyoya si walitushinda?"

"Hawa ni wa samaki."

Alinitazama kama Noko alivyoitazama ile simu.

Nilinunua vifaranga 200, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wangu, wakatiwa kwenye kidumu cha lita 25 kilichokatwa mdomo. Nikapanda toleka. (Toleka ni baiskeli zetu za abiria, na Kisangani bila toleka ni sawa na lituma bila ndizi.) Kijana aliendesha vizuri mpaka kwenye mteremko wa daraja, ambapo mbuzi alivuka bila kutazama. Kijana alimkwepa mbuzi. Mimi sikukwepa kitu. Nilianguka nimekumbatia kidumu kama mtoto, lakini kidumu hakikunikumbatia mimi, na nusu ya mradi wangu ikatawanyika barabarani, inarukaruka kwenye vumbi.

Kina mama waliokuwa wanatoka sokoni walinihurumia sana. Waliweka mizigo chini, wakaanza kuokota. Mmoja aliokota kwa bidii kubwa akitia kwenye sufuria yake. Nilipomshukuru na kunyoosha kidumu, alisema, "Karibu, Papa," akajitwisha sufuria na kwenda zake.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, akawaweka samaki hao katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Kutoka Uskoti! Kwa meli, kisha kupandishwa mlimani, na mpaka leo trauti wapo kwenye mito na maziwa ya baridi ya Mlima Kenya. Mimi nilishindwa kuvuka daraja la Tshopo. Lakini Grogan hakukutana na mbuzi yule.

Walionusurika nilikadiria 90. Niliwalisha pumba za mahindi, mchwa, na mabaki ya ugali. Jioni nilikuwa nikifika kando ya bwawa, napiga makofi, na maji yanachemka kwa midomo. Nilianza kutembea tofauti kidogo mtaani. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe: hapa tumekuwa na ziwa letu, lori ni mimi mwenyewe, na barafu hatuhitaji. Mwezi wa nane nikatangaza siku ya kuvua.

Nilichokuwa sijui ni kwamba tilapia hana subira. Akifikisha miezi michache tu anazaa, mama anabeba mayai na watoto kinywani hata adui akosee njia, na baada ya wiki kadhaa anazaa tena. Bwawa dogo linajaa, chakula hakitoshi, kila mmoja anadumaa, na badala ya kukua wanaamua kuongezeka. Samaki 90 walikuwa wamekuwa maelfu, na mkubwa wao alikuwa kama kidole gumba. Midomo ile iliyochemsha maji ilikuwa watoto, wajukuu na vitukuu.

Mtaalamu mmoja wa kando ya barabara alinishauri nitie ngolo, kambare wetu mwenye ndevu, awapunguze. Nikatia ngolo wawili wanene. Ushauri ulikuwa mzuri. Kilichosahaulika ni kwamba ngolo anavuta pia hewa ya juu, na usiku wa mvua, nyasi zikilowa, anaweza kutoka na kwenda matembezini kwa mapezi yake. Mvua ilinyesha Jumanne. Jumatano asubuhi bwawa halikuwa na ngolo, na nyumbani kwa jirani palikuwa na moshi wa makaa na harufu ya pilipili.

Nilikwenda kudai. Jirani alinikaribisha kitini, akanifungulia liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani, mvuke ukanipiga usoni. "Papa Mwalimu," alisema kwa upole, "samaki akitoroka mtoni ni wa mtoni. Lakini huyu alikuja kwangu kwa miguu yake, akapita mlangoni. Huyo ni mgeni." Nikajibu kwamba mgeni haliwi. Akasema, "Ndiyo maana nimekuita, tule pamoja." Nilikula. Alikuwa mtamu, na bado sijaamua kama nilikuwa mlalamikaji au mwalikwa.

Siku ya kuvua haikuahirishwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaalika watu 20 na wengine 20 walikuwa wamejialika. Nilivaa kofia ya jua, nikapindua ndoo, nikaketi ukingoni kama mdogo wangu, nikatupa ndoana. Mara ya kwanza ndoana ilishika kofia yangu. Mara ya pili ilishika kitenge cha shangazi, ambaye hakuwa nyuma yangu tu, alikuwa nyuma yangu akinidharau. Mara ya tatu ilifika majini, na hapo ukingo wenyewe, uliochimbwa siku zile mbili nilizochimba mimi, ukaporomoka. Ndoo ilitangulia, nikafuata. Maji yalinifika kiunoni, na samaki wangu wote, maelfu wale, wakanikimbilia wakidhani ni pumba.

Watoto waliingia wakicheka, wakachota kwa chandarua, wakajaza beseni samaki ambao hata paka angewahesabu mara mbili kabla ya kuanza. Noko alisimama ukingoni mikono nyuma. Alichukua samaki mmoja, akamweka kiganjani, akamgeuza. "Huyu," alisema, "angepita kwenye kikapu changu na kutoka bila kugusa fito."

Mke wangu alikuwa amesonga lituma ya watu 40. Alinivuta pembeni akasema maneno mawili tu: mpiodi, haraka.

Mpiodi ni samaki wa bahari wa katoni, wengi wao huvuliwa Namibia, na mpaka anafika mezani kwetu ameona dunia kuliko mimi. Nilikimbia mpaka dukani nikiwa na tope hadi kwenye mbavu. Lakini wiki ile umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Samaki waliyeyuka kidogo, wakagandana, wakayeyuka, wakagandana, na nilipochungulia ndani ya friza sikuona mpiodi. Niliona mlima mmoja mweupe wenye macho. Mikia ilikuwa imetokeza huku na huku, kama watu waliochelewa kutoka kwenye mkutano.

"Nipimie kilo 15, Mama."

"Papa, vunja mwenyewe. Mkono wangu umeshachoka na hawa."

Akanipa patasi, nyundo na ndoo ya kukalia. Tuliishusha ile barafu kivulini. Nikapindua ndoo, nikaketi, nikainama, nikaanza kutoboa. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Jasho lilinitoka kisogoni huku vidole vimekufa ganzi. Mpiodi wa kwanza nilimtoa kichwa. Wa pili nilimtoa mkia. Wa tatu aliruka mzima kama ametoka kwenye manati, akampiga kifuani mteja aliyekuwa anasubiri sabuni, naye akamshika, akampindua, akauliza bei. Nilichimba shimo la ukubwa wa sahani, kisha la ukubwa wa beseni. Watu walikusanyika. Mtu mmoja, ambaye nilikuja kutambua kwamba ni mtoto wangu wa kwanza, alikuwa ameinua simu.

Tulikula saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyebaki na njaa, na wale tilapia wadogo walikaangwa wakavu, wakaliwa na miiba yao kama karanga. Noko alirudia mara tatu.

Usiku simu ikaguna. Ni mdogo wangu, ameshaiona ile video: mimi juu ya ndoo, barafu, shimo, tope, umati. Nilingoja kicheko. Badala yake aliandika kwa heshima zote za mvuvi kwa mvuvi mwenzake:

"Kaka, umewapata wangapi? Mimi bado hata mmoja. Unatumia chambo gani?"