Kompyuta Ndogo na Ustadi wa Kufaulu kwa Uongo

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka 2012, ina bodi yenye urefu wa takriban sentimita 9 na hutumia umeme kidogo. Kwa kawaida mfumo wake wote hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na ndiyo maana wengi huiunganisha na hifadhi ya pamoja, yaani kifaa chenye diski kubwa ambacho kompyuta zote za nyumbani hukifikia kupitia mtandao. Kitendo hicho huitwa kupachika: folda tupu ndani ya kompyuta ndogo hugeuzwa mlango wa diski iliyo kwingine. Katika vitabu vya maelekezo kazi hiyo ni mstari mmoja wa maandishi. Majumbani humaliza jioni nzima, na chakula hupoa.

Itifaki, yaani taratibu za mazungumzo baina ya mashine, zinazotumika sana ni mbili. NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, kwa desturi humtambua mtu kwa namba wala si kwa jina, hivyo mke mwenye namba 1000 kwenye kompyuta ndogo huhifadhi barua zake na kukuta zimekuwa mali ya shemeji, ambaye alitangulia kusajiliwa kwenye hifadhi akapewa namba hiyohiyo. SMB huuliza jina na nywila, lakini toleo lake la kwanza limeachwa kwa sababu za usalama, kiasi kwamba kompyuta mpya ikikutana na hifadhi kongwe isiyojua toleo jingine, huweza kutangaza kuwa kifaa hicho kimezimika, ilhali taa zake zinawaka mbele ya watu wote.

Kukataliwa, hata hivyo, kuna nafuu kuliko kukubaliwa kwa uongo. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ndogo huweza kuamka kabla ya ruta, ikabisha hodi, ikakosa wa kuitikia, kisha ikaendelea na shughuli zake kana kwamba imekaribishwa. Programu ya kunakili picha za harusi huandika kwa bidii ndani ya ile folda tupu, ambayo sasa ni sehemu ya kadi ileile ndogo, na huripoti mafanikio kila usiku hadi kadi ijae. Hifadhi ikipachikwa upya, picha hizo hufunikwa: hazijafutwa, hazionekani, na bado zimejaza kadi, hata mwenyewe hulazimika kuitenga hifadhi ili azione picha alizodhani zimo ndani ya hifadhi.

Tiba ni kuifundisha mashine kulalamika. Kabla ya kupachika, folda tupu hufungwa kwa amri ya chattr ili hata msimamizi mkuu asiweze kuandika ndani yake, na hifadhi isipopatikana, programu hushindwa waziwazi. Ndipo mtu mzima, mwenye familia na majukumu, anapochomoa waya wa ruta kwa makusudi, akasoma kwenye skrini kwamba kazi imeshindikana, akawaita watu wa nyumbani waje washuhudie.