Muulize Bwana Mshauri: Majina, Talaka na Eda

Kwa miaka mingi safu hii imepokea mashitaka ya ndoa, ya mirathi, na ya majirani wanaoazima kinu wasirudishe mchi, nami, kwa wasaa mdogo niliojaliwa, nimeyajibu yote bila ajizi na bila ujira. Lakini tangu kila mwenye duka, hata la mafuta ya taa, alipotamani kuwa na tovuti yake, mkoba wa barua umejaa habari ngeni, nazo zote zaulizia jambo moja: vipi mtu atampata msajili mwaminifu wa jina la kikoa, yaani yule karani anayeliandika jina la mteja kwenye daftari la intaneti na kutoza ada ili lisifutwe. Niliogopa kwamba nitalazimika kusoma elimu mpya uzeeni. Nilipofika barua ya kumi nikatanabahi kuwa ni ndoa zilezile, talaka zilezile, na wajomba walewale.

*Bwana Mshauri, shikamoo. Mimi ni muuza halua hapa Tanga. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alinitengenezea tovuti na kunisajilia jina, ambalo ndilo jina la duka na la marehemu baba yangu. Kila mwaka humtumia fedha naye hunijibu, "Tayari, mjomba." Mwezi uliopita tuligombana kwa ajili ya harusi ambayo hakunialika, na sasa tovuti haifunguki na simu hapokei. Niende polisi au kwa mganga? — Mjomba Aliyenyamaziwa*

Marahaba, bwana. Kwa mganga usiende, kwa kuwa atakutoza zaidi ya msajili ilhali hana daftari. Na polisi ukienda, swali la kwanza utakaloulizwa litakutia haya, nalo ni hili: jina hilo limeandikwa kwa nani? Watu wengi, nawe miongoni mwao, hudhani kuwa jina la kikoa hununuliwa kama sufuria, kumbe hukodiwa kama chumba, kwa muhula usiozidi miaka 10 kwa mara moja, na mpangaji anayetambuliwa si yule anayetoa kodi mfukoni mwake, bali yule aliyeandikwa kwenye mkataba. Wewe umemlipia mpwa wako kodi ya chumba chake kwa miaka mitatu. Ni sawa na kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine: utaongea nayo usiku kucha, lakini siku mwenye kitambulisho akikasirika, umekuwa bubu.

Nikubainishie daraja za watu hawa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Juu yupo mwenye daftari kuu, ambaye kwa majina yaishayo kwa .com ni kampuni ya Verisign ya Marekani, na kwa .ke ni KeNIC. Chini yake wapo wasajili, walioidhinishwa kuandika daftarini kwa niaba ya wateja; wale wa .com hupewa idhini na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998, na orodha yao iko wazi kwa kila mwenye macho. Chini yao tena kuna bahari ya mawakala, mafundi wa tovuti, na wapwa. Mpwa si msajili. Mpwa ni mteja wa msajili, kama ambavyo ungeweza kuwa wewe, ila yeye ndiye anayejua neno la siri.

Chukua basi kilo mbili za halua ya lozi, uende ukapatane naye, na kabla hamjagusia habari ya harusi umwombe aingie mbele ya macho yako kwenye akaunti ya msajili, aandike jina lako mahali pa mmiliki na baruapepe yako mahali pa yake, nawe uondoke na neno jipya la siri ambalo hutamwambia mtu. Akikataa, ndipo utafute wakili, na uende kwake na ujumbe wote wa simu unaoonyesha fedha ulizotuma.

Wala usidhani kuwa jina likishaandikwa kwako umesalimika, kwani kuna wasajili wepesi. Mmarekani mmoja, Gary Kremen, alisajili mwaka 1994 jina la .com ambalo heshima ya safu hii hainiruhusu kulitaja, na ambalo thamani yake kila msomaji aliyebalehe ataikisia. Mwaka uliofuata tapeli aliwapelekea Network Solutions, waliokuwa wakati huo wasajili pekee wa .com, barua ya kughushi iliyodai kwamba kampuni ya Kremen imeliacha jina hilo, na kwamba, kwa kuwa kampuni yenyewe haina njia ya kuunganishwa na intaneti, wao wanaombwa wafanye hisani ya kulihamisha. Kampuni yenye jina kwenye intaneti, isiyo na intaneti! Karani hakucheka, wala hakumpigia simu mwenye jina, alihamisha. Ilichukua miaka ya mahakama Kremen kulirudisha, na tapeli, aliyehukumiwa mwaka 2001 kulipa dola milioni 65, akaikimbia nchi. Ndipo mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa jina la kikoa ni mali kama mali nyingine, na kwamba msajili aliyeitoa kwa asiyestahiki anaweza kushitakiwa. Kwa hiyo mimi humpenda msajili msumbufu: yule anayedai namba ya pili inayotumwa simuni hata baada ya kumpa neno la siri, anayelitia jina kufuli mpaka ulifungue mwenyewe, na anayekuuliza mara mbili jambo ulilokwisha mjibu.

*Mzee, salaam. Nimemwona msajili anayeuza .com kwa dola moja, na mwingine kwa dola 15. Rafiki zangu wananicheka nikimtazama wa 15. Na je, msajili akifilisika, jina langu litakwenda wapi? — Mbana Matumizi, Mwanza*

Mwanangu, mchuuzi anayekuuzia samaki kwa bei ndogo kuliko aliyolipa mwaloni hakupendi wewe. Anapenda kitu kingine, na ni wajibu wako kujua ni kipi. Ada ambayo Verisign huwatoza wasajili kwa kila jina la .com ilifika dola 10.26 kwa mwaka mwezi Septemba 2024. Basi mtu anayekupa kwa dola moja kitu alichokilipia kumi na ushei ama ni walii, na mawalii siku hizi ni nadra, ama mwaka wa pili anakungoja kichochoroni. Bei ya fungate usiiulize. Uliza ya mwaka wa pili na wa tatu, na uliza kama kusitiriwa kwa simu na anwani yako, zisionwe na kila mpita njia, ni bure au kuna ada yake.

Kisha uliza namna ya kutoka, maana tabia ya msajili hujulikana siku unapotaka kumwacha. Kwa majina kama ya .com, ukiomba kuhama anapaswa kukupa namba ya siri ya uhamisho ndani ya siku tano, na hiyo ndiyo hati yako ya talaka. Na jina lililotoka kusajiliwa au kuhamishwa aghalabu hukaa eda ya siku 60 kabla ya kuhama tena, jambo ambalo si hila bali ni kinga dhidi ya wezi. Lakini akianza kukwambia kuwa fomu zimekwisha, kwamba karani wa mambo hayo yuko likizo, au kwamba hati ya talaka ina malipo yake mbali, elewa kuwa hukuwa mteja, ulikuwa mateka. Kabla hujalipa hata senti, yatafute maelezo yake ya kuhama. Mwema huyaandika bayana. Mwingine huyaficha kama mtu anavyomficha mkewe deni.

Ama swali lako la kufilisika, lilijibiwa kwa machozi mwaka 2007, pale RegisterFly ya Marekani ilipovurugika kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, wateja wakawa wanalipa ada na majina yao yanaisha muda vilevile, hata ICANN ikaifutia idhini na majina yapatayo 850,000 yakahamishiwa GoDaddy. Baada ya fedheha hiyo ICANN ilianza kulitekeleza kwa dhati sharti kwamba kila msajili aweke nakala ya daftari lake kwa mtu wa tatu, kama amana. Hii ndiyo faida ya kumchagua aliye kwenye orodha: akifa, daftari halizikwi naye.

*Bwana Mshauri, nilipewa bure jina la .tk kwa ajili ya kikundi chetu cha taarabu. Limepotea bila taarifa. Nimdai nani? — Mpenda Bure, Unguja*

Humdai mtu. Hiyo .tk ni ya Tokelau, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand, na Freenom, kampuni iliyokuwa ikigawa majina yake bure pamoja na ya .ml ya Mali na ya .ga ya Gabon, iliacha kusajili mwaka 2023, ikiwa imekwisha kushitakiwa na Meta kwa sababu ya matapeli waliojazana kwenye majina hayo, na mwaka uleule Gabon ilipoitwaa .ga yake, mamilioni ya majina yakafutwa. Tena katika majina yale ya bure, aliyeandikwa mmiliki alikuwa Freenom mwenyewe. Nyinyi mlikuwa wageni waalikwa, na mgeni hashangai karamu ikikunjwa mkeka.

*Nimeletewa ankara ya jina langu na kampuni nisiyoijua. Nilipe? — Mwenye Shaka, Dodoma*

Usilipe. Mchezo huo ni mkongwe. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuishitaki kampuni iliyotuma barua zilizofanana na ankara, na aliyelipa akajikuta amehamishwa kwa msajili mwingine bila kujijua. Mlipe unayemjua, kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti yako.

*Bwana Mshauri, mimi nauza leso Mombasa. Jina langu la .com liliisha muda siku hamsini zilizopita nilipokuwa namwuguza mama. Msajili asema naweza kulirudisha, lakini kwa malipo makubwa. Ni haki kweli? — Bi. Leso*

Pole, binti yangu, na Mola amjalie mama shifaa. Ni haki, ingawa haina huruma. Jina la .com likiisha muda halifi papo hapo: msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45 ili mwenyewe alilipie, kisha zafuata siku 30 ambazo mimi huziita za rejea, ambamo ungali na haki ya kulirudisha nyumbani, ila kwa fidia, na mwisho siku tano ambazo hata ukija na dhahabu hupewi, na zikipita hizo mlango u wazi kwa kila mchumba. Majina ya .ke na .tz yana kanuni zake, na kila mmoja asome za kwake. Usione haya. Desemba 1999 Microsoft, pamoja na makarani wake wasio idadi, ilisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail siku za Krismasi, mpaka mtaalamu mmoja wa programu wa Tennessee alipoitolea dola 35 mfukoni mwake.

Lipa fidia leo hii, usingoje kesho, kisha ndipo umhesabie msajili wako. Kanuni za ICANN zamtaka akuarifu karibu mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, tena kama wiki moja kabla, na tena ndani ya siku tano baada yake. Ikiwa hakuandika, mhame. Ikiwa aliandika kwa anwani usiyoifungua, kosa si lake. Namjua mzee mmoja, wa makamo yangu, ambaye taarifa zake zote tatu zilikwenda kwenye baruapepe aliyokwisha sahau neno lake la siri. Na baruapepe unayompa msajili isiwe ya jina hilohilo analolitunza, kwani jina likizimika, barua za kulikomboa huzimika nalo, ukawa umeufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Wenye barua ambazo hazikujibiwa wavute subira. Na mpaka nitakapotangaza vinginevyo, tafadhalini mtumie sanduku la posta, kwa kuwa baruapepe ya safu hii imo katika siku ya 17 ya rejea.