Sifa za Bwana Unyevu

Washairi wetu wameimba karafuu, wameimba udi, wameimba milango yenye misumari ya shaba. Mkaazi mkongwe kuliko wote wa Mji Mkongwe wa Unguja hajatungiwa hata ubeti. Mwaka 2000 Unesco iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia, na yeye, aliyekwisha kuingia kila nyumba, hakutajwa. Basi namsifu mimi: Bwana Unyevu.

Hana makuu. Huanzia chini kabisa, kwenye msingi, hujipenyeza katika vijitundu vya mawe ya matumbawe, akapanda. Sisi wapangaji hupanda ngazi tukihema. Yeye hupanda ndani ya ukuta kimyakimya, tena na mzigo wa chumvi mgongoni. Akifika usawa wa kiuno hutua. Maji hukauka, chumvi hubaki ikaganda na kuvimba ndani ya plasta, na plasta humwagika sakafuni kila asubuhi, watu wa nyumba wasikose la kufagia.

Mafundi wa kale walimdhulumu sana. Walijenga kuta nene kwa mawe, udongo na chokaa, wakazipiga lipu ya chokaa na kuzipaka chokaa juu yake. Chokaa hupumua: aliyeingia usiku alitolewa mchana kwa jua na upepo. Hawakutosheka na hayo. Wakaacha ua katikati ya nyumba ili hewa ya moto ipande na kutoka, wakaweka madirisha marefu yanayokabiliana. Maskini, hakuwa na pa kulala.

Mkombozi wake ni saruji. Ngumu, laini, ya kisasa, haimruhusu mgeni kutoka. Ukuta wa matumbawe ukivishwa saruji, maji yaliyomo hayatoki. Hutafuta njia ya juu zaidi au ya ndani zaidi, na ghafla kiuno kimekuwa kifua. Juu ya saruji tukaweka rangi ya mafuta, mgeni asipate baridi. Kisha tukaziba madirisha kwa vioo na kufunga kiyoyozi, tukamwandalia kuta za baridi za kutolea jasho. Mfereji wa paa umezibwa na majani tangu vuli? Mwacheni anywe. Boriti za mikoko zilizozamishwa vichwa ukutani zinaoza taratibu pale zisipoonekana. Hapo siendelei, maana wapo wanaolala chini yake.

Ni mchoraji pia. Nyuma ya kabati la nguo, lililosukumwa hadi kugusana na ukuta, huweka madoa meusi ya kuvu, na kwenye dari huzungusha duara za rangi ya chai. Kazi yake ina harufu, jambo ambalo wachoraji wengi hawaliwezi.

Wema wake kwa afya ndio unaonishinda kuusimulia. Huwalea utitiri wa vumbi ndani ya magodoro. Huwafundisha watoto kukohoa usiku, wakati hakuna kelele za kuwapoteza, na mwenye pumu hamwachi kifua kitulie. Shirika la Afya Duniani lilimtungia kitabu kizima mwaka 2009, na humo anatajwa pamoja na kukohoa, kupumua kwa mlio na pumu. Wangapi mtaani wetu wametungiwa kitabu Ulaya?

Maadui anao. Yupo bibi mmoja, jirani, asiyemwonea haya. Kukipambazuka hufungua madirisha ya pande zote mbili. Kabati lake limekaa shibiri moja mbali na ukuta. Nguo haaniki chumbani, huzipandisha darini juani. Chungu kikichemka, mlango wa jiko unaotazama ua uko wazi. Kabla ya masika humpandisha mjukuu kusafisha mfereji, na mwaka uliopita alimwita fundi akabandua saruji yote ya sebuleni, ukuta ukaachwa wazi miezi kadhaa ukauke, ndipo ukapigwa chokaa. Wajukuu wake hawakohoi. Ukatili ulioje!

Kwetu, alhamdulillahi, mgeni wetu yuko salama. Mwenye nyumba alikuja juzi, akagusa ukuta, akatikisa kichwa, akaahidi kuurekebisha kabla ya mvua: atapiga saruji nyingine juu ya ile, na safari hii, kasema, ataiweka nene.