Ukaguzi wa Lori la Optimus Prime

Watu wa rika langu hatuendi kutazama filamu ya Transformers. Tunakwenda kuikagua, kama trafiki aliyekwishaamua kwamba gari hili lina kosa na sasa analizunguka tu ili alipate.

Haki hiyo ya ukaguzi hatukupewa bure. Katuni ya Transformers, ya roboti wanaojigeuza magari, ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1984, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo roboti wale walitufikia kwa njia iliyoleta vitu vyote vizuri vya zama zile: ndani ya sanduku la mjomba anayefanya kazi Muscat, katikati ya mashuka na sabuni za kunukia. Mkanda mmoja wa VHS, vipindi vichache, deki ya jirani, na viatu vya watoto wa mtaa mzima vimejaa mlangoni. Tuliujua ule mkanda kwa moyo, pamoja na mikwaruzo yake.

Steringi wetu, Optimus Prime, alikuwa lori jekundu la kichwa bapa, dereva kakaa juu ya injini. Hapo ndipo alipotumaliza. Wenzake wengi walijigeuza magari ambayo hatukuwahi kuyaona, lakini kichwa bapa kilipita Barabara ya Morogoro usiku na mchana, kimebeba saruji au mahindi. Tulikuwa tukilipungia mkono kila Fuso na kila Scania, tukiamini kwamba ipo siku moja litasimama, litainuka wima na kutujibu salamu. Mautingo walitupungia pia, wakidhani tumewapenda wao.

Kitu kimoja tu kilitusumbua: tela. Optimus akijigeuza roboti, tela linateleza pembeni na kupotea. Akirudi kuwa lori, hilo hapo limetokea. Nani kaliegesha, nani kalilinda, haijulikani. Kaka yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, alisema lina mlinzi wake, tena analipwa vizuri. Tukaridhika.

Kisha ikaja filamu ndefu ya katuni, ile ya 1986, nayo ilitufikia ikiwa imekwishazeeka. Mtoto aliyekulia kwenye mikanda ya Bruce Lee na Rambo anajua sheria moja tu ya sinema: steringi hafi. Optimus akafa hata nusu ya mkanda haijafika. Tukarudisha nyuma, akafa tena. Mwenye deki akaifungua, akaisafisha kwa pamba na spiriti, akaifunga. Akafa, safari hii kwa picha safi zaidi. Ukubwani nilikuja kusoma sababu: kampuni ya Hasbro, iliyoichukua midoli hiyo kwa Takara ya Japani na kuibatiza upya, ilitaka ya zamani iondoke kwenye rafu ili ipishe mipya. Yaani steringi wetu hakuuawa na adui yake Megatron. Aliuawa na idara ya mauzo. Watoto wa Marekani walilia sana, na mwaka 1987 akafufuliwa. Sisi tulikuwa tukimfufua kila Jumamosi, kwa kurudisha mkanda.

Sasa fikiria mtu aliyelelewa hivyo anasikia, mwaka 2007, kwamba Michael Bay ametengeneza filamu ya Transformers yenye watu halisi na roboti wa kompyuta, kwa bajeti ya karibu dola milioni 150. Nilikwenda kwenye jumba la sinema pamoja na shemeji yangu, mtu wa mwili mkubwa na roho nzuri, ambaye mambo ya roboti hayajui ila bisi anazijua. Taa hazijazimwa, nikavua miwani niifute kwa ncha ya shati. Mtu akaomba kupita. Shemeji akainuka kumpisha, ndoo ya bisi ikanigonga mkono, miwani ikaenda chini, naye akarudisha mguu pale pale. Tulisikia wote.

Kioo cha kulia kilikuwa vipande, na mkono mmoja wa fremu ukining'inia.

“Pole shemeji,” akasema, akikigeuza geuza kilichobaki. “Lakini kimoja kizima kabisa.”

Basi nikatazama filamu kwa jicho moja, mkono wa kulia umeshikilia fremu usoni, wa kushoto ukila bisi alizonimiminia kama fidia. Na hata kwa jicho hilo moja, makosa yalionekana. Bumblebee, ambaye siku zote alikuwa kigari kidogo cha Volkswagen chenye mgongo wa duara, amekuwa Chevrolet Camaro. Megatron, aliyekuwa bastola, amekuwa ndege ya ajabu ajabu. Halafu likatokea lori. Peterbilt! Limetanguliza pua ndefu, lina rangi ya buluu, na ubavuni limechorwa miali ya moto.

“Na tela liko wapi?” nikauliza. Nilidhani nimenong'ona.

“Kaka,” ikajibu sauti ya mama mmoja safu ya nyuma, “kama lina mzigo wako, tutalitafuta wote baada ya filamu.”

Watengenezaji walikuwa na hoja yao. Hawakutaka roboti avimbe au asinyae anapojigeuza: chuma kilichomo kwenye gari ndicho kionekane mwilini. Lori la kichwa bapa lingetoa Optimus mfupi, ila lenye pua likatoa jitu la futi 28. Hesabu safi, sikatai. Lakini katika katuni Megatron alikuwa anasinyaa kutoka urefu wa nyumba mpaka anaenea kiganjani mwa mwenzake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza kilo zilizobaki zimekwenda wapi.

Tena hadithi yenyewe ilikuwa kama imeandikwa ili kumsema shemeji. Hatima ya dunia nzima inategemea miwani. Babu wa ukoo, mvumbuzi wa nchi za barafu, aliachiwa ramani ya siri kwenye vioo vya miwani yake. Kilembwe wake, bila kujua, anainadi mtandaoni apate pesa ya kununulia gari. Majitu ya chuma yanasafiri kutoka sayari nyingine, yanakanyaga bustani ya watu usiku wa manane, yote kwa ajili ya miwani ya mzee. Nikamgeukia shemeji. Shemeji akaiangalia ndoo ya bisi kana kwamba ndani yake kuna filamu nyingine.

Jambo moja lilipita ukaguzi bila kosa: sauti. Peter Cullen, aliyemsemea Optimus tangu 1984, aliitwa tena kuifanya kazi yake. Ni sauti nzito isiyo na haraka, ambayo yeye mwenyewe amesema aliiiga kwa kaka yake aliyekuwa mwanajeshi. Optimus alipojitambulisha pale uchochoroni, nilisahau pua ya lori, nikasahau na miwani.

Kisha vita vikaanza, na hapo nikapotea njia. Mafundi wa Industrial Light & Magic walimuunda Optimus kwa vipande 10,108, kwa bahati mbaya vyote vinasogea kwa wakati mmoja. Nikaona mabati, cheche, tairi, vumbi. Nani kapigwa, nani kapiga? Nikailaumu miwani. Shemeji naye, muungwana, akakubali lawama na kuchangia nusu ya bei ya vioo vipya. Miwani ilipokuwa tayari nikakodi DVD, nikakaa nyumbani na macho mawili kamili, nikasogeza mbele mpaka kwenye vita. Mabati, cheche, tairi, vumbi. Shemeji aliposikia, akadai arudishiwe pesa yake.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu. “Mjomba,” akaniambia, “hiyo ya Kiingereza ndiyo inayokuchanganya. Njoo uone iliyotafsiriwa.”

Akanipeleka kibanda umiza huko Manzese. Mabenchi ya mbao, ukuta wa turubai, feni moja iliyoelekezwa kwa mwenye kibanda, na televisheni juu kabisa karibu na bati. Filamu yenyewe ilikuwa imeingizwa sauti ya DJ, sanaa ile aliyoipa jina Lufufu hapa kwetu na DJ Afro kwa jirani zetu Kenya. Nilikaa kwa mashaka. Kitu pekee nilichokipenda katika filamu hii kilikuwa sauti ya Peter Cullen, na DJ alianza kazi kwa kuifunika yote.

Lakini dakika hazikwenda nyingi kabla sijamsamehe. “Huyu wa buluu na nyekundu ndiye Optimus,” akatangaza, “kaka mtu, ana busara, hapendi shari. Yule wa kijivu anayetoka kwenye barafu ni Megatron, ndugu yake wa damu. Baba yao kafariki kaacha boksi. Boksi ndiyo urithi. Sasa tazameni!” Kila konde lilikuwa na mwenyewe. “Hilo kala Megatron! Hilo la mbavu, kala kaka mtu, vumilia kaka!” Hata tela hakulisahau: kwa mujibu wake limezuiwa mizani, limezidisha uzito. Kibanda kizima kikaitikia kwa uchungu, maana humo walikuwamo madereva.

Niseme ukweli, nilikuwa sijaiona filamu ile mpaka siku hiyo. Hollywood ilitumia mamilioni kunionyesha kila skrubu, DJ mmoja mwenye mafua akanionyesha ndugu wawili. Wala hakuwa amezua: mwishoni, Megatron akiwa chini, Optimus anamwita ndugu. Mimi neno hilo lilinipita kwa macho mawili na kwa jicho moja.

Filamu ilipoisha hakuna aliyeondoka. Ulizuka mjadala mkali kuhusu mirathi. Vijana wakasema Optimus kafanya sawa, ndugu jeuri dawa yake hiyo. Mama muuza mihogo mlangoni akasema hapana, angempa japo nusu ya boksi. Mzee mmoja wa benchi la mbele, aliyekuwa kimya muda wote, akajikohoza, watu wakanyamaza.

“Makosa ni ya kwao wote,” akasema, akitafuta ndala zake chini ya benchi. “Wangeitisha kikao cha ukoo mapema, ule mji wa watu usingebomolewa.”