Mheshimiwa Waziri, naomba kondo lipimwe kabla ya kuzikwa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUCHUNGUZA KONDO LA NYUMA PALE UZAZI UNAPOHARIBIKA

 

Mimi ni mkunga mstaafu wa mkoani Tanga. Kabla ya yote naomba radhi kwa kukufikia kupitia gazeti, nikijua jinsi meza yako ilivyojaa mambo mazito, na nikijua pia kwamba barua kama hii kwa desturi ingepita kwanza kwa wasaidizi wako. Nao nawaomba radhi. Nimeiweka wazi kwa sababu ninachokiomba nakiomba kwa niaba ya akina mama, na ni haki yao kusoma nilichowasemea.

Nakushukuru kwa dhati, wewe na waliokutangulia, kwa vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya, kwa vyandarua vyenye dawa wanavyopewa wajawazito kliniki, na kwa wakunga vijana ambao leo wanafanya kazi niliyoiacha. Nisingependa yeyote asome barua hii akadhani ni lawama.

Ukiniruhusu, nianzie kwenye chumba cha kujifungulia. Mtoto akishatoka, mkunga hulipokea kondo la nyuma katika beseni. Huligeuza, akautazama ule upande uliokuwa umeshikamana na mji wa mimba, akikagua kama vipande vyake vyote vimetimia, kwa kuwa kipande kikibaki ndani mama anaweza kuvuja damu hadi kufa. Hukagua utando. Hukagua kiungamwana, ambacho kikikatwa huonyesha matundu matatu, mawili ya ateri na moja la vena. Penye mizani hulipima, na kwa mtoto aliyetimiza miezi yake kondo huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Kazi hiyo huisha kwa dakika chache, kisha kondo huenda kwenye shimo la kondo, au hukabidhiwa bibi wa mtoto akalizike nyumbani kwa heshima zake.

Mama akijifungua salama sina la kuongeza. Lakini mtoto akizaliwa mfu, au akizaliwa njiti, au mama akipata kifafa cha mimba, mara nyingi utaratibu huwa ni huohuo. Faili litaandikwa kilichotokea. Sababu yake, ambayo mara nyingi imo katika kondo lenyewe, itakuwa imeshafukiwa.

Naomba uniwie radhi nikigusa mambo ambayo washauri wako wanayajua kunizidi. Mwaka 1953 mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar, ambaye mwaka 1960 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, aliuliza swali ambalo mpaka leo halijamalizika kujibiwa. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba. Mwili wa mama ungeweza kuikataa figo ya mumewe ndani ya siku chache. Unawezaje basi kumbeba mtoto wa mume huyohuyo kwa miezi tisa bila kumkataa?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika kondo. Seli zake za nje hazivai zile alama za kawaida ambazo kinga ya mama hutumia kumtambua mgeni. Huvaa chache tu, na baadhi yake ni za aina ya pekee. Chini yake, katika ukuta wa mji wa mimba, hukusanyika seli nyeupe za mama ziitwazo seli uaji asilia. Katika miezi mitatu ya kwanza seli hizo ni takriban asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizopo pale. Jina lake linatisha, lakini hapo haziui. Hutambuana na seli za kondo, na katika kutambuana huko ndiko huamuliwa kondo lizame kwa kina gani na mishipa ya damu ya mama itanuliwe kiasi gani. Kondo lisipozama vya kutosha, mishipa hubaki myembamba, mtoto hudumaa tumboni, na katika miezi ya mwisho shinikizo la damu la mama hupanda, ambalo likizidi linaweza kuleta kifafa. Kile kifafa tunachokipigania usiku wa manane leba chanzo chake mara nyingi kilikuwapo tangu mimba ikiwa changa, kabla mama hajafika kliniki kwa mara ya kwanza.

Mheshimiwa, hapa Afrika Mashariki tumeshaonyeshwa kwamba elimu hii haiwezi kuagizwa yote kutoka nje. Annettee Nakimuli, daktari bingwa wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake wa Cambridge, waliwachunguza wanawake katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa vinasaba vya mama na mtoto unaoongeza hatari ya shinikizo hilo la damu ni uleule uliokwisha kuonekana Ulaya, ila vinasaba vinavyomkinga mama wa Kiafrika ni vingine, ambavyo Wazungu hawanavyo. Nani angeligundua hilo kwa kuwapima wanawake wa London peke yao?

Kisha iko malaria, na hapo naomba univumilie nikae kidogo, maana historia yake inapita nyumbani kwetu Tanga.

Msichana aliyekulia kwenye malaria huwa ameshajijengea kinga anapofika umri wa kuolewa. Anapata mimba ya kwanza, na malaria inampiga kama mtoto. Wakunga wa zamani waliliona hilo bila kujua kwa nini. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi na makondo ya akina mama wa Kisumu, Kenya, walieleza sababu. Vijinyuzi vya kondo huning'inia ndani ya damu ya mama kama mizizi ya mikoko maji yakijaa, na juu yake kuna aina ya sukari ambayo vimelea fulani vya malaria huing'ang'ania. Kinga ya msichana haijawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo, kwa sababu kabla ya mimba hakuwa na kondo la kuvishikilia. Mimba zinavyoongezeka anajijengea kingamwili dhidi ya vimelea hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Copenhagen walitambua protini ambayo kimelea hushikia, iitwayo VAR2CSA, na tangu hapo chanjo mbili zilizojengwa juu yake zimeshafanyiwa majaribio ya awali, moja Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso.

Kazi ya Kisumu ilifuatiwa na nyingine Muheza, hapa kwetu Tanga. Huko kondo lilichukuliwa baada ya uzazi, likapasuliwa, damu yake ikasomwa kwenye hadubini, na mtoto akafuatiliwa. Katika slaidi ya kondo lililougua huonekana chembe za kahawia iliyokoza zimenasa kati ya vijinyuzi: ni mabaki ya damu iliyoliwa na vimelea. Mama huyohuyo akitobolewa kidole anaweza kuambiwa hana malaria, kwa kuwa vimelea vimejificha kondoni.

Mwaka 2005 Theonest Mutabingwa na wenzake waliripoti kutoka Muheza kwamba malaria ya kondo huendelea kumfuata mtoto baada ya kuzaliwa, na kwamba walioonekana kuwa hatarini zaidi ni watoto wa akina mama waliokwisha kuzaa mara kadhaa. Mwaka 2009 ripoti nyingine ya Muheza ilionyesha kwamba pale vimelea sugu vilipokwisha kuenea, baadhi ya wajawazito waliomeza SP, dawa ya kuzuia malaria, walikutwa na vimelea vingi zaidi kondoni. Naomba nieleweke vizuri: simwambii mama yeyote aache SP. Shirika la Afya Duniani bado linaipendekeza, na watoto wa wanaoimeza bado huzaliwa na uzito mzuri zaidi. Ninachokisema ni kwamba onyo lile lilitoka ndani ya kondo. Kama makondo yale yangeenda shimoni, lisingepatikana.

Hata sindano ya pepopunda tunayomchoma mjamzito humlinda mtoto kwa sababu kondo huvusha kingamwili za mama, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Njiti huzaliwa kabla hajapokea mgawo wake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote nakuomba waraka mmoja. Uanze na hospitali za rufaa za mikoa peke yake. Kila mtoto anapozaliwa mfu au njiti, na kila mama anapopata kifafa cha mimba, kondo lipimwe uzito, slaidi moja ya damu itolewe upande wa mama, na kipande kidogo kihifadhiwe kwenye fomalini. Mama aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Kondo lililobaki lirudishwe kwa familia, kwa kuwa wazee wetu wana haki ya kulizika wanavyojua, na nina hakika bibi aliyeelezwa vizuri hatakataa. Madaktari wa patholojia ni wachache, nalijua hilo. Lakini kipande kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kusubiri zamu yake, kilichozikwa hakisubiri.

Nakuomba pia, kama bajeti itakuruhusu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu itengewe fungu la ndani kwa ajili ya utafiti wa kondo na kinga ya mjamzito. Marekani, pamoja na maabara zake zote, iliona mwaka 2014 kwamba kondo halijaeleweka vya kutosha, ikalianzishia mradi maalumu. Sisi tuna kituo cha utafiti cha Amani pale Muheza, tuna watafiti waliokwisha kulisoma kondo kabla ya wengi duniani, na akina mama wameshaonyesha kwamba wako tayari kushiriki. Chanjo ya malaria ya wajawazito ikifika hatua ya majaribio makubwa, ningefarijika sana kuona Watanzania wakiwa miongoni mwa wanaoandika masharti yake.

Samahani kwa kukuchukulia muda, Mheshimiwa. Mama aliyezaa mtoto mfu huuliza swali moja tu kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, nalo ni kwa nini. Waraka huo ukitoka mwaka huu, wengi watakaouliza mwakani wanaweza kujibiwa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkunga mstaafu,
Tanga.